Chawa ama Ua

Mimi hufundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari hapa Ruiru, na kwa miaka mingi kazi yangu kubwa haikuwa sarufi wala insha. Ilikuwa kung'oa herufi moja kwenye ndimi za watoto na kupanda nyingine. Huku kwetu l na r haziishi nyumba moja bila kugombana. Mtoto anakuambia kwa Kiingereza amekula chawa, lice, na maharagwe, akikusudia wali, rice. Mwingine anasimama kanisani kutualika tusali, pray, neno linatoka play, tucheze. Tunaita kushrabu. Anayeshrabu huchekwa, na mimi nilichekwa sana nikiwa msichana, mpaka siku moja nikaapa kwamba hakuna atakayenicheka tena. Nilijizoeza mbele ya kioo. Nilipofaulu nikawa mkali kuliko waliokuwa wakinicheka.

Nayasema haya mapema ili nisije nikajipendelea huko mbele.

Mama yangu anaishi Thika, Makongeni, katika nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga kwa jasho la maua. Kwa miaka ishirini na kitu alifanya kazi kwenye shamba la waridi nje ya mji, katika banda la kuchambulia ambalo wao waliliita gredi. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama mbele ya meza ndefu tangu asubuhi, kupima urefu wa shina, kutoa miiba, kugeuza majani na kufunga mafungu. Kikuyu chake ni cha kuzaliwa nacho, Kiswahili chake ni cha sokoni, na Kiingereza chake kilikuwa maneno kama kumi na matano, yote ya pale mezani. Mengi yalikuwa ya kuharakishwa na kukemewa.

Mtoto wangu ni mmoja, msichana wa miaka saba. Alipoanza shule niliweka sheria nyumbani kwamba ni Kiingereza tu, asubuhi hadi jioni. Mama alipokuja kututembelea nikamkalisha sebuleni nikamweleza.

"Mama, ukiongea na yeye jaribu Kizungu. Hata kidogo tu. Sitaki aanze kushrabu."

Aliweka kikombe chini. "Na si ni mimi nitamfundisha hiyo kushrabu?"

"Maneno mawili matatu tu, Mama. Salamu."

"Haya, mwarimu," akasema.

Mama huniita mwalimu akiwa amekasirika. Akifurahi huniita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Siku ile niliisikia hiyo mwarimu vizuri kabisa, nikaipuuza. Kitu nilichokishughulikia kichwani mwangu ni ile r.

Basi ikawa kila asubuhi, mtoto akinywa chai, tunampigia shosho yake, yaani bibi yake, na kuweka simu mezani katikati ya mkate na thamosi, sauti ikiwa juu. Mtoto anamuuliza yu hali gani, kwa Kiingereza, na Mama anajibu "Faini". Halafu mtoto anamweleza mambo ya shule kwa kasi ambayo hata mimi yanipita, Mama anaguna pale anapodhani pa kuguna, wanaagana. Muda wote huo mimi nasuka nywele, natafuta soksi ya pili, nafunga chakula. Mwaka mzima jibu lilikuwa hilo moja.

Muhula wa pili wa mwaka uliofuata ulipoanza, jibu likabadilika.

"Rosi," Mama akasema.

Mtoto aliacha kutafuna. "Rosy, shosho? You are rosy?"

"Ĩĩ. Rosi."

Nilicheka nikiwa na kitana mdomoni. Rosy, kwa Kiingereza, ni yenye rangi ya waridi, na mtu akiwa rosy basi ana afya, mashavu yake yamenawiri, mambo yake ni mazuri. Nikajiambia, mwanamke aliyeshika waridi nusu ya maisha yake, asipolijua neno hilo yeye atalijua nani? Niliona fahari. Nilikwenda kulisimulia kwenye chumba cha walimu wakati wa chai: mama yangu, asiyekanyaga darasa baada ya la nne, ukimuuliza hali anakujibu kwa kivumishi cha kishairi. Walimu wenzangu walicheka, wakasema sasa wanajua nilikorithi kipaji. Nikakubali kwamba ndiko.

Mtoto alilipenda zaidi. Kila Mama alipolisema, yeye alimjibu kwa maneno ambayo mwalimu wake humwandikia kwenye daftari, "Keep it up!", yaani endelea vivyo hivyo, na Mama, baada ya kimya kidogo, alijibu "Thengiu". Likawa neno la nyumba. Akipata alama nzuri, yeye ni rosy. Nikipika chapati, sisi sote ni rosy. Mwishowe alichora kadi yenye waridi kumi na moja, kwa sababu kalamu nyekundu iliisha kabla ya la kumi na mbili, na Jumapili moja tukampelekea.

Jumapili hiyo naikumbuka kuliko siku nyingi nilizoziandika kwenye kalenda. Mama hakusimama kutupokea. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, miguu imefunikwa kwa leso, ingawa jua la Thika lilikuwa linapasua mawe. Chini ya leso niliona patipati, na ndani ya patipati soksi nzito ya sufu.

"Unasikia baridi, Mama?"

"Kidogo."

Nilikuwa na karatasi za mtihani za vidato viwili zinanisubiri nyumbani. Niliosha vyombo, nikaweka unga na sukari kabatini, nikaangalia saa mara tatu bila kujua kuwa ananiona. Mtoto alimpa kadi. Mama aliyatazama yale maua kwa muda, kisha akaigeuza kadi akatazama nyuma, ambako hapakuwa na kitu. Nilidhani anatafuta maandishi. Tukaondoka chai ikiwa bado ina moshi.

Wiki iliyofuata, siku ya Jumatano, nilikuwa narudisha insha kwa kidato cha pili. Msichana mmoja mpole wa safu ya mbele alikuwa ameandika juu ya nyanya yake, insha safi tu, isipokuwa mahali alipomsifu kwamba ana "lousy cheeks". Alikusudia rosy. Alikuwa amesikia sana kwamba r zake ni mbaya, akaamua kuwa salama kwa kuweka l. Mwalimu mwema angeweka alama pembeni na kupita. Mimi niliisoma sentensi kwa sauti mbele ya darasa zima, nikageuka ubaoni nikaandika LOUSE, nikawaambia huyo ni chawa. Kwa hiyo bibi ya mwenzenu ana mashavu yenye chawa. Darasa likaangua kicheko, msichana akainamisha kichwa, nami nikaendelea, maana nilikuwa nimenoga.

Niliwapa neno lote, kutoka mizizi hadi majani. Kwanza lilikuwa la chawa wenyewe, mtu aliyejaa chawa. Kisha likatoka kwenye nywele likaenda popote palipo na kitu kibovu. Hali ya hewa ikiwa ya hovyo ni lousy. Chakula kisicholika ni lousy, na fundi asiyejua kazi ni lousy. Nikawaonya wasilitumie kwenye barua rasmi, ni neno la mdomoni, la mtu aliyechoshwa. Na mtu akisema "I feel lousy", nikawaambia, msimtafute chawa kichwani. Anakuambia mwili wake haumpi raha, ni mgonjwa.

"Sasa semeni baada yangu. Rosy."

"Rosi," wakasema.

"Lousy."

"Rousi."

Niliwaambia warudie. Walirudia, vinywa arobaini, haraka haraka wapate kutoka nje, na ile sauti "au" ya katikati ikabanwa ikawa karibu na o, na ile l ikajigeuza r kama kawaida yake, na maneno mawili yakatoka neno moja. Nilikuwa nimenyanyua chaki niwakemee. Nililisikia hilo neno, na sauti niliyoisikia haikuwa yao. Ilikuwa ya Mama, kati ya mkate na thamosi.

Nilijaribu kuendelea kufundisha. Nakumbuka niliandika tarehe ubaoni ilhali ilikuwa imeshaandikwa. Nilijiambia ni upuuzi, Mama atalijulia wapi neno kama lile, kisha nikakumbuka kwamba maneno yake yote ya Kiingereza yalitoka mahali palepale pa kukemewa. Nikawapa kazi ya kusoma kimya, nikatoka, nikasimama nyuma ya maabara na kumpigia.

"Mama, uko aje?"

"Niko tu. Hukuenda shule?"

"Niko shule. Mama, ile neno unaambia mtoto kila asubuhi. Maana yake ni nini?"

"Haiya. Si ni wewe mwarimu?"

"Mama, tafadhali. Uliitoa wapi?"

"Gredi. Yule mzee alikuwa anatusimamia. Alikuwa anapita na meza, anachukua ua, anageuza majani. Akipata wale wadudu wadogo wa kijani wamejificha chini, anasema rosi! Anatupa. Ua inaweza kuwa mzuri sana hapo juu, maitu, lakini chini imeharibika. Hiyo ndio rosi. Haiwezi safiri."

Lousy. Yule mzee alikuwa na haki ya kulitumia kuliko mimi na ubao wangu. Wale wadudu ni chawa wa mimea.

"Na mbona unaambia mtoto hivyo?"

Nilisikia redio ya jirani yake.

"Ananiuliza niko aje," akasema. "Namwambia."

Sikurudi darasani. Nilimwambia mwalimu mwenzangu anishikie kipindi, nikachukua gari, na kuhusu njia siwezi kusimulia lolote. Lazima nilipita Juja, lazima nilipita Witeithie, hakuna njia nyingine. Ninachokumbuka ni hesabu niliyokuwa nikiifanya: muhula ulikuwa na majuma tisa, kila juma asubuhi tano, na kila asubuhi mama yangu alikuwa ametuambia kwamba anaumwa, na kila asubuhi tulimpigia makofi.

Nilimkuta kwenye kiti kilekile. Kadi ya waridi ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya kichwa chake. Sikumsalimu. Nilipiga magoti nikatoa leso, nikavua patipati, na nilipofika kwenye soksi akanishika mkono.

"Wacha nitoe mimi. Imeshikana."

Aliivua polepole, akiuma midomo. Kutoka juu, mguu ulikuwa mguu wa mama yangu, umevimba kidogo tu. Kisha akaushika kwa mikono miwili akaugeuza, kwa utulivu, namna alivyogeuza majani miaka yote ile, na chini ya vidole viwili vya mwisho palikuwa peusi. Harufu ilikuja baadaye kidogo.

Nililia. Nililia kwa hasira, na hasira haikujua iende wapi, ikamwendea yeye.

"Kwa nini hukuniambia? Kwa nini hukusema na Kikuyu? Hata Kiswahili! Mama, hii yote na hukusema!"

"Usinipigie kelele, mwarimu."

Nilijifuta macho kwa ile leso.

"Wewe kila wakati una haraka," akasema. "Ukinipigia unauliza 'uko sawa?' na unajibu mwenyewe, 'haya sawa.' Mtoto ndio huniuliza na ananingojea niseme. Na si ulisema niongee na yeye Kizungu? Nikatafuta ile niko nayo."

"Na alipokuambia keep it up?"

"Nilijua ni pole yenu ya siku hizi. Si ni kama kusema jikaze? Nikajikaza."

Nimefundisha vivumishi miaka kumi na minane na sijawahi kuona jinsi kivumishi cha Kiingereza kilivyo kipweke. Kinasimama chenyewe, hakishikani na nomino yoyote, huwezi kukitazama ukajua ni nini kilichoharibika. Chetu kinamtaja mwenyewe. Kidole kikiwa na shida utasikia kibaya, na hiyo ki itakuelekeza mguuni hata kama msemaji anaona haya kuutaja. Nilijiambia hivi hospitalini, kwenye benchi, kama mtu anayetafuta wa kumsingizia. Kisha nikajicheka kwa uchungu. Mama yangu angesema "kidore mbaya" na mimi ningeisahihisha.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho yaliyochoka. Alipima damu, akatuambia ni sukari, na kwamba imekuwemo mwilini muda mrefu bila mwenyewe kujua. Akaukagua mguu tena, akauliza kidonda kilianza lini.

"Shule zikifunguliwa," Mama akasema.

Daktari aliweka kalamu chini. Alinitazama mimi kwanza, kisha yeye. "Shosho, na hukuambia watu wako?"

"Niliwaambia," akasema Mama. "Na Kizungu."

Daktari akatabasamu, akidhani ni utani wa wazee. Mimi nilitoka nje nikazunguka lile jengo mara mbili, nikarudi, nikatoka tena. Mlinzi aliniuliza kama nimepoteza kitu.

Walikata vidole viwili. Walisema tungechelewa majuma mawili mengine ungekuwa mguu. Watu waliokuja kumwona walisema tushukuru, heri nusu shari kuliko shari kamili, na Mama alishukuru, aliwashukuru hata waliokuja bila kitu mkononi. Mimi sijaweza. Kila nikiwaona watu wakishukuru, naona daftari la msichana wa kidato cha pili likiwa na mstari wangu mwekundu. Nilimwomba msamaha mbele ya darasa. Alisema ni sawa, mwalimu, kwa sauti ya mtoto anayetaka jambo liishe.

Mtoto wangu nilimweleza kweli, maana angeisikia tu. Alikaa kitandani, akauliza kama waridi zake ndizo zilimuumiza shosho. Nikamwambia la. Hakuamini sana. Yeye ndiye aliyetunga sheria mpya, na kwa mara ya kwanza sheria ya nyumba yetu ikawa ya Kiswahili. Asubuhi simu ikishika, anauliza, "Shosho, leo ni chawa ama ni ua?"

Mama huipenda. Siku za baridi husema chawa, siku nyingi husema ua. Kuna siku alisema ni ua lakini limelala, tukacheka wote watatu.

Lakini mimi situlii tena. Wakati wanaongea siwezi kusuka nywele wala kutafuta soksi. Nasimama karibu na meza, nasikiliza pumzi kati ya maneno. Akisema chawa nashtuka, akisema ua sisadiki. Nikimpigia mchana na asiposhika mara ya kwanza, natembea ukumbini kutoka mlango hadi mlango. Wenzangu wanasema nimekuwa kama kuku anayetaka kutaga, na hawakosei.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na rundo la karatasi za kusahihisha. Mtoto alipiga simu mwenyewe, akaiweka mezani.

"Shosho, chawa ama ua?"

"Ua," Mama akasema. Upesi mno.

Nilisogea. "Mama, geuza jani."

Alijua namaanisha mguu.

"Mama. Umegeuza?"

"Nimegeuza."

"Na?"

Nilisikia anavuta pumzi, na kiti chake kikilia. Nilijua anatafuta neno kwenye yale kumi na matano, ampe mtoto, aitii sheria yangu ya zamani ambayo sikuwahi kuifuta kwa mdomo. Halafu akaacha kutafuta.

"Ũka," akasema.

Mtoto alinitazama. Maisha yake yote hakuwa amewahi kusikia shosho yake akimwambia neno la Kikuyu kwenye simu.

"Mummy, hiyo ni nini?"

"Ni njoo," nikamwambia. "Vaa viatu."